Mwongozo Kamili wa Kusoma Zana za Mawe za Wamaya: Makali Kwanza, Umbo Baadaye

Zoezi ni lile lile, na watu hukwama pale pale. Natoa picha za mawe kumi yaliyotoka katika nyumba moja ya Wamaya wa kale, wenyeji wa kusini mwa Meksiko na Amerika ya Kati, kisha nauliza: wenye nyumba hii walishinda wakifanya nini? Majibu yanayorudi ni "kisu, mkuki, shoka, kisu, sijui, kisu." Hayo ni majina ya mawe. Kazi haijatajwa hata moja.

Tatizo si uvivu. Macho yetu yamezoea duka la vifaa vya ujenzi, ambako msumeno ni msumeno na patasi ni patasi. Wamaya walijenga miji kama Tikal na Copán bila zana za chuma, na kwao jiwe moja liliweza kuanza kama shoka, likavunjika likawa nyundo, likaishia kuwa kifusi ndani ya ukuta. Umbo linakuonyesha fundi alikusudia nini siku ya kwanza. Makali yanakuonyesha mtumiaji alifanya nini siku zote zilizofuata.

Huna haja ya kwenda Guatemala. Unahitaji jioni nne au tano, chupa tupu chache na subira. Fuata hatua kwa mpangilio. Wanaoruka hatua ya pili na ya nne ndio wanaoniandikia tena.

## Vitu vya kuandaa

- Chupa tatu au nne za kioo kinene. Tunachotaka ni vitako vyake. Kioo hupasuka sawasawa na obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano ambalo Wamaya walitengenezea nyembe.
- Jiwe la gumegume (jiwe gumu linalopasuka kwa makali), ukilipata kwa njia halali. Ukikosa, chupa zinatosha kuanzia.
- Kokoto ngumu ya mtoni inayoenea kiganjani. Hiyo ndiyo nyundo yako.
- Miwani ya kinga, glavu za ngozi, barakoa, viatu vya kufunika mguu, na turubai la kutandika chini.
- Lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Ukiweza, ongeza hadubini ndogo ya USB. Ile inayokuza mara 50 hadi 200 inafaa sana.
- Tochi ndogo, rula ya milimita, na mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu.
- Daftari, penseli, na bahasha nyingi ndogo za karatasi.
- Vitu vya kukata na kukwangua: samaki mbichi, mfupa wa ng'ombe, ngozi kavu, mti, mabua ya mahindi, kombe la pwani, na jani la mkonge.
- Picha za zana halisi. Peabody Museum ya Harvard na British Museum zote zina orodha za mikusanyo yao mtandaoni. Chagua picha zinazoonyesha ukingo kwa karibu na zenye kipimo pembeni.

Mkonge nimeuweka kwa sababu maalumu. Mmea huu uliofika Tanga mwaka 1893 umechukua jina lake la kigeni kutoka bandari ya Sisal huko Yucatán, nchi ya Wamaya, na jamii yake ndiyo iliyowapa kamba na nyuzi. Kwa hiyo msomaji wa Korogwe ana malighafi ya Wamaya nyuma ya nyumba.

Onyo kabla hujaanza: usinunue "kisu cha Kimaya" mtandaoni ili ufanyie zoezi. Guatemala, Belize na Meksiko zote zinalinda mali hizi kisheria, na jiwe lililochimbwa kwa wizi limeshapoteza nusu ya habari zake. Vivyo hivyo usiokote zana za kale za hapa kwetu. Ukiziona porini, ziache zilivyo na uwaarifu watu wa makumbusho.

## Hatua ya 1: Tambua jiwe kabla ya kulipa jina

Anza na swali moja tu: hili ni jiwe gani?

Obsidiani inang'aa kama chupa, na ukingo wake mwembamba ukiuelekeza kwenye mwanga unapitisha nuru kidogo. Gumegume ina uso kama nta iliyokauka, rangi ya asali, kahawia au kijivu, na kisu cha chuma hakiikwaruzi. Basalti ni nzito, ya kijivu, mara nyingi yenye vitundu kama mkate. Jadeiti ni ya kijani, ngumu, na huja ikiwa imesuguliwa hadi ikalainika.

Sababu ya kuanza hapa ni jiolojia. Nyanda za chini za Petén (kaskazini mwa Guatemala) na Yucatán (Meksiko) zimekalia mwamba wa chokaa. Gumegume inapatikana humo humo ndani ya chokaa, lakini volkano ziko nyanda za juu, kusini. Obsidiani nyingi ya Wamaya ilitoka sehemu tatu za Guatemala: El Chayal, San Martín Jilotepeque na Ixtepeque. Kutoka El Chayal hadi Tikal ni zaidi ya kilomita 250 kwa mstari ulionyooka, na hakukuwa na punda wala gari; mzigo ulikwenda kwa mgongo wa mtu na kwa mtumbwi. Kipande cha kijani chenye mng'aro wa dhahabu karibu kila mara ni cha Pachuca, Meksiko ya kati, umbali wa karibu kilomita 1,000 kutoka Tikal.

Onyo: usitaje chimbuko la obsidiani ya kijivu kwa kutazama picha. Wataalamu hupima kwa mashine ya eksirei inayosoma kiasi cha elementi kama rubidi, stronti na zirkoni. Ukiwa na picha tu, andika "obsidiani ya kijivu" na usonge mbele.

Umefaulu kama kila jiwe katika daftari lako lina safu mbili zilizojaa: aina ya jiwe, na kama ni la jirani au limetoka mbali.

## Hatua ya 2: Andika lilipookotwa

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Jiwe ni lile lile, lakini mahali lilipolala hubadilisha maana yake yote.

Juu ya sakafu. Inaonekana ushahidi bora, na wakati mwingine ni kweli. Ila Wamaya walifagia. Sakafu ya nyumba iliyohamwa kwa utulivu huwa tupu, na kilichobaki ni vipande vidogo vilivyoukimbia ufagio.

Jalalani, nyuma ya nyumba. Hapa ndipo penye kazi ya kila siku, ingawa imechanganyika: taka za miaka mingi, pengine za nyumba mbili.

Ndani ya kifusi cha ujenzi. Jukwaa la nyumba lilijazwa mawe na taka za kale. Zana iliyotoka humo haisemi lolote kuhusu waliolala juu yake. Nimesoma kazi nzuri kabisa iliyoharibika kwa kosa hili moja: mwandishi alihesabu vibanzi (vipande vinavyoruka jiwe linapochongwa) vya kifusi kana kwamba ni vya jikoni.

Kaburini, pangoni au hekaluni. Tahadhari. Wembe wa obsidiani ulitumika pia kujitoboa na kutoa damu kwa ibada.

Bahati ya wanaakiolojia ni sehemu mbili ambako wenyeji hawakupata muda wa kufagia. Joya de Cerén, huko El Salvador, ukingoni mwa ulimwengu wa Wamaya, ilifunikwa na majivu ya volkano ya Loma Caldera katika karne ya 7. Vyombo vya chakula vilikuwa bado havijaoshwa. Aguateca, Guatemala, ilishambuliwa na kuchomwa moto mwanzoni mwa karne ya 9. Wakubwa wa mji wakakimbia, na vitu vikabaki ndani ya nyumba zao. Unapojifunza, anza na picha na ripoti za maeneo haya mawili. Ukianza na jalala la kawaida utachoka mapema.

Umefaulu kama unaweza kueleza kwa sentensi moja jinsi kila jiwe lilivyofika lilipokutwa. Kama sentensi inaanza na "pengine" mara tatu, liweke bahasha ya pembeni.

## Hatua ya 3: Tenga zana na taka za uchongaji

Mtu anayechonga jiwe huacha taka nyingi kuliko zana. Taka hizo ndizo shajara yake, kwa hiyo usizisukume kando.

Gawa vipande katika mafungu matatu.

1. Vibanzi vikubwa vyenye gome la nje la jiwe. Vikiwa vingi, kazi ilianzia hapo hapo, jiwe likiwa bichi.
2. Vibanzi vyembamba vya kati visivyo na gome. Mtu alikuwa anakamilisha umbo.
3. Vibanzi vidogo ambavyo mgongo wake unang'aa au una michirizi. Hivi vishike kwa heshima. Zana kuukuu ilikuwa inanolewa, na kibanzi kimeondoka na sehemu ya makali ya zamani pamoja na alama zake za kazi.

Fungu la tatu linajibu maswali ambayo zana zenyewe haziwezi. Nyumba inaweza kukosa jembe hata moja, kwa kuwa mwenyewe aliondoka nalo, na bado vibanzi vya kunolea vikashuhudia kwamba palikuwa na mkulima.

Mfano mzuri uko kaskazini mwa Belize. Kijiji cha Colha kilikaa juu ya gumegume bora, na katika karne za mwisho kabla ya Kristo na za mwanzo baada yake mafundi wake walichonga kwa wingi mno: mashoka ya umbo la yai, nyembe kubwa zenye shina, na zana ambayo mdomo wake, yaani ukingo wa kukatia, ulifanyizwa kwa pigo moja la ubavuni. Pigo hilo hutoa kibanzi kilichojikunja, na wachimbaji wamekibatiza "ganda la chungwa". Ukikiona kibanzi hicho, ujue mdomo wa zana ulichongwa au kufufuliwa palepale.

Kisha nenda Pulltrouser Swamp, kwenye kinamasi upande wa kaskazini. Mashoka ya umbo la yai yalifika huko yakiwa tayari, na taka zilizopatikana ni za kunoa na za kuvunjika. Colha walichonga, Pulltrouser walilima. Jiwe ni lile lile, na shoka ni lile lile. Taka ndizo zinazotofautisha mchongaji na mtumiaji.

Onyo: si kila jiwe lenye ncha ni la binadamu. Tafuta uvimbe mdogo chini tu ya sehemu iliyopigwa. Usipouona uvimbe wala alama ya pigo, liache.

## Hatua ya 4: Tengeneza seti yako ya kulinganishia

Hatua hii hairukwi. Huwezi kusoma alama ya mfupa kama hujawahi kuitengeneza wewe mwenyewe. Kazuo Aoyama, Mjapani aliyezisoma zana za Copán na Aguateca kwa hadubini, alianza kwa kufanya majaribio zaidi ya 200 ya mikono kabla ya kuamini macho yake. Wewe fanya manane.

Tandika turubai nje, mbali na watoto na kuku. Vaa miwani, glavu na barakoa. Vumbi la gumegume huumiza mapafu, na kijipande cha kioo hakina huruma na jicho. Funga chupa ndani ya gunia, ivunje, utoe kitako. Kishike juu ya paja lililofunikwa ngozi nene. Piga kwa kokoto karibu na ukingo, usipige katikati, pembe iwe chini ya nyuzi 90. Kibanzi kinaondokea upande wa chini. Vya kwanza vitatu vitakuwa vibaya; hiyo ni kawaida.

Chagua vibanzi vinane vyenye makali yaliyonyooka. Chora ukingo wa kila kimoja na ukipige picha kabla ya kazi. Kisha:

- Kibanzi kimoja, kitu kimoja, mwendo mmoja. Ukikata samaki na kibanzi kile kile ukakwangulia mti, umekiharibu.
- Kata samaki kwa dakika 20. Kwangua ngozi kavu kwa dakika 20. Kwangua mti, kata mabua, chonga mfupa, kata kombe kwa mwendo wa msumeno, kwangua jani la mkonge, choma matundu kwenye mti kwa kuzungusha.
- Hesabu mikwaruzo au tumia saa. Andika.
- Osha kwa maji ya sabuni na vidole vyako, futa kwa spiriti, tia kwenye bahasha yake peke yake.

Hilo la bahasha lina kisa. Mara ya kwanza nilivitia vibanzi vyote katika mkebe mmoja wa kahawa, nikausafirisha kwa basi. Nilipofika, kila kimoja kilikuwa na mapengo mapya, na nilitumia jioni nzima kusoma kwa makini kazi ya barabara mbovu.

Umefaulu kama unaweza kuchanganya bahasha, ukamwomba mtu akupe moja bila kukuonyesha jina, na ukajua mara sita kati ya nane kitu kilichokatwa kilikuwa kigumu au laini. Usitegemee kujua zaidi ya hapo kwa lenzi ya mara 10.

## Hatua ya 5: Soma makali

Shika tochi ubavuni, mwanga ulale juu ya jiwe kama jua la jioni. Mwanga wa juu unafuta kila kitu. Soma mambo manne, kwa mpangilio huu.

Mapengo. Kitu laini, kama nyama ya samaki, huacha vipengo vidogo sana au hakuna. Kitu kigumu, kama mfupa au kombe, huvunja ukingo kwa ngazi ngazi. Mapengo ya upande mmoja tu mara nyingi ni ya kukwangua. Ya pande zote mbili ni ya kukata.

Kufa kwa makali. Gusa kwa ukucha, si kwa kidole. Ngozi kavu huua makali haraka na kuyaviringisha bila kuyavunja. Udongo huyaviringisha zaidi, kwa upana.

Michirizi. Hii inaeleza mwendo wa mkono. Ikienda sambamba na ukingo, mtu alikata kwa kuvuta na kusukuma. Ikiukata ukingo kwa pembe mraba, alikwangua. Ikizunguka ncha, alitoboa kwa kuzungusha, kama keekee.

Mng'aro. Huu hutaka gumegume na ukuzaji wa mara 100 hadi 400. Mti huacha mng'aro laini uliovimba kama matone, karibu na ukingo. Majani na matete huacha mng'aro mpana unaoingia ndani. Mfupa hung'arisha mahali padogo padogo, pembeni kabisa. Ngozi hutoa mng'aro hafifu, kama uso uliopakwa mafuta. Udongo hutoa uso mpana uliojaa michirizi.

Onyo kubwa: usitafute mng'aro kwenye obsidiani wala kwenye chupa kama unavyoutafuta kwenye gumegume. Kioo kimeshang'aa tangu kuzaliwa. Kwenye kioo, tegemea michirizi na kufifia kwa uso.

Onyo la pili ni kuhusu alama za uongo. Kukanyagwa huacha mapengo yasiyo na mpango, huku na huku. Mwiko wa mchimbaji huacha mstari wa chuma unaong'aa. Gumegume iliyokaa muda mrefu ardhini hupata utando mweupe unaofunika kila kitu; ukiona pengo ambalo halina utando huo wakati jiwe lote linao, pengo ni la jana. Na hadubini haisomi tope: jiwe ambalo halijasafishwa vizuri "linang'aa" popote unapotaka.

Pia kuna upande wa kutosafisha. Mabaki ya wanga wa mahindi au muhogo hukaa katika nyufa za jiwe, na mswaki mmoja unayamaliza. Kwenye machimbo ya kweli, baadhi ya zana hutengwa bila kuoshwa kwa ajili hiyo. Ukisoma ripoti, angalia kama imesema zana zilioshwaje.

Umefaulu kama unaandika sentensi yenye vitu viwili, mwendo na ugumu: "kukwangua, kitu kigumu kiasi." Ukishaandika "kisu cha kuchinjia", umerudi kwenye majina.

## Hatua ya 6: Mawe ya kusagia yasomwe peke yake

Watu wanayapita kwa kuwa hayavutii. Mimi nayaanza mapema, kwani humo ndimo zilimoishia saa nyingi za siku ya Mmaya, na hasa za wanawake. Mahindi yalichemshwa na chokaa, yakaoshwa, yakasagwa yakiwa bado yamelowa juu ya jiwe la chini kwa jiwe refu la mikono miwili. Kwa Kimaya cha Yucatán jiwe la chini ni *ka'*, na la juu ni *u k'ab ka'*, mkono wake.

Angalia haya:

- Bonde la jiwe la chini. Bonde lililochimbika katikati lina maana ya mwendo wa kwenda na kurudi, miaka na miaka. Pima kina chake.
- Jiwe la juu. Likiwa refu kuliko upana wa la chini, ncha zake zilizoning'inia hubaki nene na katikati hukonda. Jiwe dogo la mkono mmoja huenda lilisaga rangi, viungo au dawa. Tafuta wekundu katika vitundu.
- Alama za kugongwa. Jiwe likilainika halisagi, linateleza. Mwenyewe huligonga upya ili liume. Aliyewahi kumwona bibi akiligonga jiwe la kusagia uani hahitaji maelezo zaidi.
- Aina ya jiwe. Basalti yenye vitundu hujinoa yenyewe inapolika, lakini ilitoka mbali. Chokaa ilikuwa jirani, laini, na iliacha mchanga kwenye unga. Kati ya hizo kuna granaiti ya Milima ya Maya, Belize.

Huko Cerén baadhi ya mawe ya kusagia yalikuwa yameinuliwa juu ya panda za miti, yaani msagaji alisimama badala ya kupiga magoti. Kama volkano isingefunika mahali pale, panda zingeoza na sisi tungechora mwanamke aliyepiga magoti, bila wasiwasi wowote.

Onyo: jiwe la kusagia lililovunjika lilitumika tena, kama jiwe la ukuta, la ngazi, au nyundo. Rudi hatua ya 2.

Hapa weka pia mawe ya kupondea magome, yale yenye mifereji iliyonyooka upande mmoja. Magome ya mkuyu wa kule yalipondwa hadi yakawa karatasi, kisha yakapakwa chokaa. Jiwe hilo ni la mtu aliyetayarisha pa kuandika au kitambaa cha gome.

## Hatua ya 7: Hesabu, lakini kwa uwiano

"Nyembe 40" haina maana yoyote mpaka useme kati ya nini. Hesabu zana dhidi ya taka, jiwe la mbali dhidi ya jiwe la jirani, na makali yaliyotumika dhidi ya yasiyotumika.

Kipimo kimoja ni rahisi na kina faida kubwa: urefu wa makali kwa gramu. Chukua kipande cha wembe. Tuseme kina urefu wa sentimita 3, na makali pande mbili. Jumla ni sentimita 6. Uzito ni gramu 1.2. Gawa: sentimita 5 za makali kwa kila gramu. Fanya hivyo kwa nyembe zote na utafute wastani.

Nambari ikiwa kubwa, fundi alikamua makali mengi kutoka jiwe dogo. Mara nyingi obsidiani ilikuwa adimu au mikono ilikuwa stadi. Ikiwa ndogo, jiwe lilikuwa tele, halikubaniwa. Linganisha nyumba mbili za mji mmoja wa wakati mmoja. Usilinganishe Tikal na mtaa uliopakana na machimbo ya El Chayal halafu ukaita tofauti hiyo utajiri.

## Hatua ya 8: Andika kazi, nyumba kwa nyumba

Sasa rudi kwenye swali la mwanzo. Kwa kila nyumba andika aya moja, na kila kitenzi kiwe na jiwe nyuma yake.

Jaribu na Cerén. Nyembe za obsidiani zilichomekwa kwenye makuti ya paa. Wembe uliokuwa juu pale ulikuwa bado na makali na ulikuwa mbali na watoto. Mzazi yeyote anaelewa. Obsidiani nyingi ilitoka Ixtepeque. Kuna mashoka ya jiwe la kijani, kuna mawe ya kusagia juu ya panda, na mikonge ilipandwa karibu na nyumba. Aya yako itasema: walikata vitu vidogo vidogo kwa nyembe zilizofika kutoka mbali, walizitunza juu, walikata miti, walisaga wakiwa wamesimama, walitoa nyuzi. Ni wakulima, na bado vifaa viwili kati ya vyao havikutoka kijijini.

Kisha Aguateca, katika nyumba za wakubwa. Tungetegemea mikono laini. Hadubini ya Aoyama ilikuta humo zana zilizofanya kazi ya kuchonga mti, mfupa na kombe, na mashoka yaliyosuguliwa ambayo alama zake ni za kuchonga mawe. Waandishi na watu wa ikulu walikuwa pia mafundi, tena majumbani mwao, palepale palipokuwa na jiwe la kusagia mahindi.

Mfano wa tatu ninaupenda zaidi, kwa sababu unamkamata msomaji anayekisia. Paynes Creek, pwani ya kusini mwa Belize, Heather McKillop na wenzake walikuta viwanda vya chumvi vya Wamaya ambavyo nguzo zake za mti zimehifadhiwa katika tope la mikoko. Mti kila mahali. Ukinipa zana za gumegume za hapo bila hadubini, ningeandika "useremala" nikalala usingizi. Makali yalisema vingine: sehemu kubwa ya zana zilizochunguzwa zilikata samaki, nyama au ngozi, na chache tu zilifanya kazi ya mti. Kiwanda cha chumvi kilikuwa pia mahali pa kutia samaki chumvi. Ng'onda, tungesema sisi wa pwani.

Umefaulu kama mtu mwingine akichukua daftari lako anaweza kuweka kidole kwenye kila kitenzi na wewe ukampa namba ya bahasha.

## Ukikwama

Mawe yote yanaonekana yamefanya kazi moja. Karibu hakika tochi iko juu mno. Ilaze, anza upya hatua ya 5.

Unapata "kukata nyama" kila mahali. Alama za nyama ni hafifu kiasi kwamba jiwe lisilotumika linafanana nazo. Chukua kibanzi kipya ambacho hakijagusa kitu, kiweke kando ya hicho. Kama huoni tofauti, andika "hakuna alama".

Zana moja ina alama mbili. Usichague. Shoka la umbo la yai la Belize linaweza kuwa na alama za mti upande mmoja na udongo juu yake. Lilifyeka msitu, kisha likalima. Alama iliyofunika nyingine ndiyo ya mwisho. Chora ipi iko juu.

Robo ya mawe haijulikani. Vizuri. Acha safu hiyo ibaki na jina lake, "haijulikani", na idadi yake iandikwe chini ya jedwali kama nyingine zote. Daftari ambalo kila jiwe lina kazi huwa nalirudisha kwa mwenyewe bila kulifungua ukurasa wa pili.